Sura ya Tano: Chanda Chema Huvikwa Pete

Ingia duka lolote la dawa, Kariakoo au Kisumu, ukaulize kipimo cha mimba. Utapewa pakiti nyembamba yenye kijiti ndani yake. Mwanamke atakichovya kwenye mkojo wake asubuhi, atasubiri dakika chache, na mistari itakayojitokeza itampa jibu ambalo pengine litageuza maisha yake. Kijiti kikishatumika hutupwa. Wachache wanajua kwamba kazi yake iliwahi kufanywa na viumbe wenye damu na pumzi.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, mjini Berlin, madaktari Selmar Aschheim na Bernhard Zondek waligundua kwamba mkojo wa mjamzito ukidungwa kwa panya jike wachanga, ovari zao hukomaa kabla ya wakati wake. Ili kumjibu mwanamke mmoja, walidungwa panya kadhaa, wakasubiriwa siku nne au tano, kisha wote wakauawa na kupasuliwa. Mwaka 1931, huko Marekani, Maurice Friedman na mwenzake walitumia sungura badala ya panya. Jibu lilipatikana upesi zaidi, ila sungura naye alipasuliwa. Baadaye kidogo zikaja habari kutoka Cape Town. Lancelot Hogben, mtaalamu wa wanyama aliyefundisha huko, alikuwa amechunguza chura wa Afrika Kusini mwenye kucha miguuni, na wenzake wakatambua kwamba chura jike akidungwa mkojo wa mjamzito hutaga mayai ndani ya saa chache. Chura huyo hakuuawa. Alirudishwa majini, akapumzika, akatumika tena baada ya wiki kadhaa. Vyura hao walisafirishwa kwa maelfu hadi hospitali za Ulaya na Marekani.

Mwaka 1960 Waswidi wawili, Leif Wide na Carl Gemzell, walionyesha kwamba homoni ileile ya mimba inaweza kunaswa ndani ya kichupa cha maabara kwa kutumia kingamwili. Kingamwili hizo zilitoka kwa sungura, kwa hiyo mnyama hakuondoka kabisa mlangoni. Lakini damu ya sungura mmoja iliweza kuhudumia vipimo vingi mno, na baada ya miaka michache vyura wa hospitali walikosa kazi. Kijiti cha leo ni mjukuu wa kichupa kile.

Tazama ngazi hiyo ilivyopandwa: kuua wengi, kisha kuua mmoja, kisha kutoua, kisha kuacha kumhitaji mnyama katika kila kipimo. Na kila kidato kilipopandwa, jibu lilikuja mapema zaidi. Hata hivyo hakuna aliyepanda ngazi hiyo kwa kumhurumia panya. Watafiti walitafuta kasi na unafuu wa gharama, na wanyama wakaokoka kwa bahati. Swali la sura hii ni hili: je, ngazi hiyo inaweza kupandwa kwa makusudi? Na anayeipanda, nani amtunuku?

Wawili waliotangulia mbele ya wakati

Waingereza wana chama kinachojulikana kwa kifupi kama UFAW, kilichoanzishwa mwaka 1926 katika Chuo Kikuu cha London na Meja Charles Hume. Hume hakuwa mtu wa kupiga kelele barabarani. Aliamini kwamba anayetaka kumsaidia mnyama wa maabara hana budi kuzungumza na mwanasayansi kwa lugha ya sayansi. Mwaka 1954 chama hicho kikawapa kazi vijana wawili: William Russell, mtaalamu wa wanyama aliyekuwa pia mpenzi wa fasihi ya kale, na Rex Burch, mtaalamu wa vijidudu. Walitakiwa kuzunguka maabara, kuuliza maswali, na kuandika namna majaribio yanavyoweza kufanywa kwa utu.

Kitabu chao kilitoka mwaka 1959 kikiwa na mafundisho matatu, ambayo hapa nitayaita nguzo tatu. Ya kwanza ni mbadala: kama swali linaweza kujibiwa bila mnyama mwenye hisia, lijibiwe hivyo. Ya pili ni upunguzaji: kama mnyama hana budi kutumika, watumike wachache kadiri hesabu za takwimu zinavyoruhusu. Ya tatu ni uboreshaji: anayetumika apunguziwe maumivu na hofu, kwa dawa ya ganzi, kwa makazi bora, kwa mikono yenye ujuzi. Juu ya nguzo hizo waliweka hoja iliyowashangaza wengi, kwamba utu na sayansi nzuri havigombani. Mnyama mwenye hofu hutoa majibu yaliyochafuliwa na hofu yake.

Kitabu kilikaa rafuni karibu miaka ishirini bila kushughulikiwa. Burch alihamia mji mdogo wa pwani uitwao Sheringham akaendesha maabara yake binafsi. Russell akawa mwalimu wa chuo kikuu. Ulimwengu uliwarudia walipokuwa wazee. Mwaka 1991 shirika la Humane Society la Marekani lilianzisha tuzo yenye majina yao, na mwaka 1995 wanasayansi wa Ulaya walikwenda kukutana Sheringham kwenyewe, Burch akiwa bado hai. Alifariki mwaka uliofuata. Waswahili wanasema chanda chema huvikwa pete. Pete hii ilichelewa zaidi ya miaka thelathini, na ucheleweshaji wa namna hiyo una gharama. Kila mwaka ambao wazo jema halikusifiwa, kijana mwingine aliyekuwa na wazo kama hilo aliliacha akaenda kutafuta sifa kwingine.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya tuzo, kwa maoni yangu. Mtafiti ni binadamu. Hupandishwa cheo kwa kugundua dawa, kwa kuchapisha makala, kwa kuleta fedha za utafiti. Hakuna safu katika fomu ya kupandishwa cheo inayouliza: ni wanyama wangapi hawakufa kwa sababu yako? Tuzo huiandika safu hiyo.

Sungura wa macho mekundu

Kabla ya tuzo ilitangulia aibu. Mwaka 1944 John Draize, mtaalamu wa sumu katika mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, alieleza namna ya kupima kama kitu kinaunguza macho. Sungura hutiwa kemikali katika jicho moja, la pili huachwa kwa kulinganisha, kisha wekundu, uvimbe na vidonda huandikwa alama siku baada ya siku. Kwa miongo kadhaa shampuu, wanja na sabuni za dunia zilipita katika macho ya sungura.

Henry Spira alizaliwa Antwerp, Ubelgiji, akakulia Marekani, akawa baharia na baadaye mwalimu wa sekondari jijini New York. Mwezi Aprili 1980 yeye na wenzake walinunua ukurasa mzima wa gazeti la New York Times, wakaiuliza kampuni ya vipodozi ya Revlon ni sungura wangapi inaowapofusha kwa ajili ya urembo. Lililomtofautisha Spira ni kile alichodai baada ya swali hilo. Hakuitaka kampuni ifunge milango. Aliitaka itoe fedha za kutafuta njia nyingine. Revlon ikatoa dola 750,000 kwa Chuo Kikuu cha Rockefeller. Kampuni nyingine zikafuata, na mwaka 1981, kwa fedha za chama cha watengenezaji wa vipodozi, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kikafungua kituo cha kutafuta mbadala wa majaribio ya wanyama, kikiongozwa na Alan Goldberg.

Matunda yalichukua muda kuiva. Leo ziko njia zinazotumia macho ya ng'ombe na ya kuku yanayochukuliwa machinjioni, kutoka kwa wanyama waliokwisha kuchinjwa kwa kitoweo. Ziko nyingine zinazotumia tabaka la seli za binadamu zilizooteshwa hadi zikafanana na kioo cha jicho. Jumuiya ya nchi tajiri, OECD, ambayo miongozo yake ya kupima kemikali hufuatwa karibu duniani kote, ilizipitisha njia za machinjioni mwaka 2009 na ile ya seli za binadamu mwaka 2015. Kutoka ukurasa wa Spira hadi hapo ni miaka thelathini na mitano.

Pete zenyewe

Tuzo za fani hii sasa ni nyingi, na kila moja ina asili yake. Ujerumani iko tuzo ya Felix Wankel, yule mhandisi aliyebuni injini ya gari isiyo na pistoni za kupanda na kushuka, ambaye aliwapenda wanyama kiasi cha kuacha jina lake kwenye tuzo ya utafiti wa kuwalinda. Hukohuko, taasisi kuu ya kufadhili utafiti hutoa kila baada ya miaka miwili tuzo yenye jina la mama mmoja, Ursula Händel, aliyetoa mali yake kwa ajili hiyo. Uswisi uliundwa mfuko uliobeba jina la Gerhard Zbinden, mtaalamu wa sumu aliyethubutu mwaka 1981 kuwaambia wenzake kwamba kipimo chao maarufu, kile cha kutafuta dozi inayoua nusu ya wanyama waliopewa sumu, kilikuwa kinaua wengi na kufundisha machache.

Uingereza ilianzisha mwaka 2004 kituo cha taifa cha nguzo tatu, na kituo hicho hutoa tuzo kila mwaka kwa makala ya kisayansi iliyochapishwa karibuni na iliyosogeza mbele nguzo mojawapo. Sehemu kubwa ya fedha zake huingia kwenye utafiti wa mshindi, si mfukoni mwake. Mwaka 2013 tuzo hiyo ilikwenda kwa Donald Ingber wa Taasisi ya Wyss ya Chuo Kikuu cha Harvard. Yeye na Dan Dongeun Huh walikuwa wametengeneza pafu juu ya kipande cha plastiki angavu kinachotosha kiganjani. Ndani yake mna mifereji miwili midogo iliyotenganishwa na utando wenye vitundu. Upande mmoja zimepandwa seli za pafu la binadamu na hewa hupita juu yake. Upande wa pili ziko seli za mishipa ya damu, na maji yenye virutubisho hutiririka. Kwenye kingo kuna njia za kunyonya hewa, utando ukavutwa na kuachiwa, ukavutwa na kuachiwa, kama kifua cha mtu anayepumua. Bakteria wakiwekwa upande wa hewa, chembe nyeupe za damu huvuka utando kwenda kupambana nao, na mtafiti anaziona kwa hadubini zikivuka. Hakuna panya anayeweza kumwonyesha mtu jambo hilo likitendeka ndani ya seli za binadamu.

Miaka michache baadaye tuzo hiyohiyo alivikwa Madeline Lancaster, aliyeonyesha namna seli za binadamu zinavyoweza kuoteshwa zikajipanga zenyewe kuwa kijidonge cha tishu ya ubongo, kikubwa kama punje ya dengu. Kwa kijidonge hicho alichunguza ugonjwa unaowafanya watoto wazaliwe na kichwa kidogo, ugonjwa ambao panya walishindwa kuuiga vizuri kwa sababu ubongo wao haukui kama wetu.

Tuzo ninayotaka kuizungumzia zaidi ni ile iliyoanzishwa mwaka 2012 na kampuni ya vipodozi ya Lush ikishirikiana na jarida la Ethical Consumer. Mfuko wake wa awali ulikuwa paundi 250,000. Waanzilishi waligawa fedha hizo katika mafungu: sayansi, mafunzo, watafiti vijana, uelimishaji wa umma na ushawishi wa sheria. Mgawanyo huo una hekima. Walielewa kwamba mbadala hauji kwa kichwa kimoja. Anahitajika anayeubuni, anayewafundisha wengine kuutumia, anayeueleza kwa raia, na anayekwenda bungeni kuutetea. Waliweka pia sharti kwamba ukitokea uvumbuzi mkubwa unaofungua kile kisanduku cheusi cha namna sumu inavyoudhuru mwili, fungu lote la fedha liweze kwenda kwake.

Mwaka 2015 uvumbuzi huo ulionekana umepatikana, nao ulihusu mzio wa ngozi. Zamani, kujua kama manukato mapya yatawawasha watu, walitumika simbilisi, na baadaye panya. Watafiti wengi, kila mmoja kwa kipande chake, walifuatilia safari nzima ya mzio hadi ikaweza kuandikwa hatua kwa hatua: kemikali hujinata kwenye protini za ngozi, seli za ngozi hushtuka, seli za ulinzi zinazozunguka ngozini huamka na kubeba taarifa, mwisho, chembe za kinga huongezeka na kukumbuka adui. Safari ikishajulikana vituo vyake, kila kituo chaweza kuwekewa kipimo chake ndani ya kichupa. OECD ilianza kuvipitisha vipimo hivyo mwaka huohuo wa 2015, na mwaka 2021 ikatoa mwongozo wa kuviunganisha viwili au vitatu vikatoa hukumu moja bila mnyama. Hapo tuzo ilivikwa vyanda vingi vya mkono mmoja, na hivyo ndivyo sayansi inavyofanya kazi kweli.

Mkono unaomshika panya

Msomaji anaweza kudhani kwamba heshima yote iko kwenye nguzo ya mbadala, na kwamba uboreshaji ni kazi ya walioshindwa. Sikubaliani. Mamilioni ya wanyama wako vizimbani leo hii, na mbadala wa kesho haumfariji panya wa usiku huu.

Kwa miaka mingi panya wa maabara alinyanyuliwa kwa mkia. Ni rahisi, ni haraka, na kila mwanafunzi alifundishwa hivyo. Mwaka 2010 Jane Hurst na Rebecca West wa Chuo Kikuu cha Liverpool walichapisha jambo ambalo lingeweza kugunduliwa miaka mia kabla, lau mtu angeuliza. Walilinganisha panya walionyanyuliwa kwa mkia na wale walioongozwa kuingia ndani ya bomba fupi la plastiki, au waliochotwa kwa viganja viwili vilivyo wazi. Wale wa mkia walibaki na wasiwasi na kumkwepa mtu. Wale wa bomba walimsogelea wenyewe. Na mwaka 2017 Hurst na mwenzake Kelly Gouveia walionyesha kwamba panya walioshikwa mkia hufanya vibaya hata katika majaribio ya kumbukumbu, kwa sababu hofu huwazuia kuchunguza walichowekewa. Fikiria dawa ngapi za ubongo zilizopimwa kwa panya waliokuwa wanatetemeka.

Mwaka huohuo wa 2010 Jeffrey Mogil na wenzake wa Chuo Kikuu cha McGill, Canada, walitoa jedwali la kusoma maumivu usoni mwa panya: macho yanavyobanwa, pua na mashavu yanavyotuna, masikio yanavyolala, sharubu zinavyokaa. Tangu hapo hakuna mtafiti anayeweza kusema kwa unyofu kwamba panya hana namna ya kueleza kwamba anaumia. Anaeleza. Ilitakiwa mtu ajifunze kusoma.

Ziko tuzo zinazokwenda kwa watunza wanyama wenyewe, wale wanaofagia vizimba, wanaoweka pamba na karatasi za kujengea viota, wanaojua kwamba yule wa kizimba cha tatu hakula jana. Ningekuwa na mamlaka, tuzo hizo zingekuwa nyingi zaidi. Profesa huja kizimbani mara moja kwa wiki. Mtunzaji yuko pale kila asubuhi.

Mgema akisifiwa

Wazee wametuonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na tuzo ni sifa. Yapo mambo ya kuangalia.

La kwanza, tusisahau kwa nini majaribio ya wanyama yaliwekwa katika sheria. Mwaka 1937, huko Marekani, dawa ya maji iliyotengenezwa kwa kiyeyusho chenye sumu iliua zaidi ya watu 100, wakiwamo watoto wengi. Haikuwa imepimwa kwa kiumbe chochote. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya kudai uthibitisho wa usalama kabla ya dawa kuuzwa, na wanyama ndio waliobeba mzigo wa kuthibitisha. Insulini ilipatikana mwaka 1921 kwa kupitia mbwa wa Toronto. Anayetaka kuondoa jaribio fulani lazima alete kitu kinachomlinda mtoto vizuri zaidi, na mbadala usiokidhi hilo haustahili pete hata kama nia yake ni safi.

La pili, tuzo yaweza kutolewa na anayeuza bidhaa, nayo ikamletea wateja. Jambo hilo peke yake haliifanyi kuwa mbaya. Msomaji apime kazi iliyotunukiwa: je, ilichunguzwa na wataalamu wengine, ikarudiwa katika maabara nyingine, ikatoa jibu lilelile?

La tatu ndilo zito zaidi: makofi si sheria. Chukua kipimo cha homa. Dawa za sindano na chanjo zilihakikiwa kwa kumdunga sungura na kumpima joto, ili kujua kama zina uchafu unaoleta homa. Mwaka 1995 Thomas Hartung na Albrecht Wendel wa Konstanz, Ujerumani, walionyesha kwamba damu iliyochangwa na watu inaweza kufanya kazi hiyo ndani ya kichupa, tena kwa kujibu kama mwili wa mtu unavyojibu. Njia hiyo iliingia katika kitabu cha viwango vya dawa cha Ulaya mwaka 2010. Uamuzi wa kumwondoa sungura ulifanywa mwaka 2021, na kipimo chake kikafutwa rasmi katika kitabu hicho mwaka 2025. Miaka thelathini ilipita kati ya uvumbuzi na uhuru wa sungura. Katika muda huo wote mbadala ulikuwepo, umesifiwa, unafanya kazi.

Kwa hiyo tuzo peke yake hufungua mlango tu, na anayeuvuka ni mtunga sheria. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuuza vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama kuanzia Machi 2013. OECD ilifuta mwongozo wa kile kipimo cha dozi inayoua nusu mwaka 2002, miaka sabini na mitano tangu Mwingereza Trevan alipokibuni. Desemba 2022 Marekani ilirekebisha sheria yake ya dawa, ikaruhusu waziwazi vipande vya ogani, seli na mahesabu ya kompyuta vitumike badala ya wanyama katika maombi ya kujaribu dawa mpya kwa watu. Washindi wengi wa tuzo nilizotaja walifanya kazi iliyowapa wabunge ujasiri wa kunyanyua mikono.

Na sisi je?

Septemba 2020 shirika la Uingereza la tiba ya wanyama, PDSA, lilitoa medali yake ya dhahabu kwa mzaliwa wa Morogoro. Jina lake Magawa, naye alikuwa panya buku. Alifunzwa katika kituo cha APOPO kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, akapelekwa Kambodia, na hadi anavikwa medali alikuwa amenusa na kufichua mabomu ya ardhini 39 na silaha nyingine 28 ambazo hazikulipuka. Wakufunzi wake hawakutumia fimbo. Akipatia alisikia mlio mdogo, akapewa chakula. Magawa hakuwa mnyama wa majaribio, lakini kisa chake kinatuondolea kisingizio kimoja. Hatuwezi kusema kwamba mambo ya upole kwa panya ni anasa ya Wazungu, wakati panya aliyelelewa kwa upole hivyo, na kutunukiwa hivyo, ametoka mikononi mwa Watanzania.

Sheria tunazo. Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama inayodai leseni kwa anayefanya majaribio juu yao. Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Maabara tunazo, na wanafunzi wenye vichwa vyepesi tunao. Maswali ya kwetu pia yapo, yasiyoweza kusubiri majibu ya Harvard. Dawa ya sumu ya nyoka hutengenezwa kwa kinga ya farasi, na nguvu yake hupimwa kwa kuwadunga panya sumu na kuhesabu wanaosalimika. Ni moja ya vipimo vikali vilivyobaki, na watu wanaoumwa na nyoka ni wakulima na wafugaji wetu. Mwanafunzi wa Muhimbili, Makerere au Nairobi atakayechangia njia ya kupima dawa hiyo ndani ya kichupa atamsaidia panya, na atamsaidia mfugaji wa Baringo aliyelazwa akiisubiri.

Nikiwa kidato cha sita, siku ya somo la vitendo la baiolojia, kila meza ilipewa chura mmoja na chupa ya klorofomu. Tulimuua, tukampasua, tukachora moyo wake, tukapewa alama za mchoro. Hakuna aliyetuuliza kama tungeweza kujifunza moyo huo kwa njia nyingine, wala kama chura mmoja angetosha darasa zima. Nilipata alama nzuri. Leo najua kwamba alama zilipaswa kuwekwa pia kwa swali lile ambalo halikuulizwa.

Kwa hiyo ombi langu liko wazi, na nalielekeza kwa wakuu wa vyuo vikuu vyetu, wakaguzi wa elimu na matajiri wetu wanaopenda kuacha jina. Kila mahafali tunatoa zawadi ya mwanafunzi bora wa upasuaji, wa dawa, wa kilimo. Ongezeni moja: ya mwanafunzi au mtunzaji wa maabara aliyepata jibu la kweli kwa kutumia wanyama wachache zaidi, au kwa kuwaumiza kidogo zaidi, au bila kuwatumia kabisa. Fedha zake zisiwe nyingi. Cheti na kipande cha vifaa vya utafiti vinatosha kuanzia. Mshindi atajwe mbele ya wazazi wake, na wadogo zake walioketi ukumbini wasikie ametajwa kwa jambo gani. Russell na Burch walisubiri zaidi ya miaka thelathini kabla ya kutunukiwa. Wa kwetu tusiwasubirishe.